Chambo, bunduki na chupa ya sumu

Marekani ilipiga marufuku chambo mwaka 1935, wakati ukame ulikuwa umepunguza sana idadi ya bata mwitu. Tangu hapo, ukimwaga mahindi bwawani ili bata wanaohama washuke mbele ya bunduki yako, una kesi. Hata ukizoa punje zote, ni lazima zipite siku 10 kabla ya kuwinda hapo, maana ndege waliozoea kulishwa mahali hurudi.

Wawindaji wamelalamika kwa miaka mingi, na si malalamiko yote ni ya walafi. Zamani ungeweza kuhukumiwa kwa nafaka iliyomwagwa na mtu mwingine bila wewe kujua. Bunge lao lilirekebisha hilo mwaka 1998: sasa ni lazima ithibitishwe kwamba ulijua, au ulipaswa kujua. Husemwa pia kwamba ndege aliyevutwa karibu hufa mara moja, haendi kufia kichakani na jeraha. Hoja hii hainishawishi. Anayeua kwa urahisi huua wengi, na kundi linalopita nchi kadhaa si mali ya mwenye magunia ya mahindi. Kuna na kichekesho: hua huruhusiwa kupigwa juu ya shamba la mahindi lililofyekwa makusudi bila kuvunwa, bata hapana.

Nairobi tunaweza kuyaona haya kuwa ya wenyewe. Marufuku yetu ya uwindaji ya 1977 iliwaacha ndege nje, watu wakaendelea kupiga kanga na kware kwa kibali, lakini sheria ya 2013 ikaharamisha uwindaji wa kujifurahisha na hata wa kitoweo. Mjadala umekwisha, basi? Kwenye karatasi, ndiyo.

Lakini kule Bunyala, Busia, wategaji wamerekodiwa wakitia Furadan, dawa ya kuua wadudu, kwenye mpunga na konokono, kisha wanafunga ndege hai awaite wenzake. Nyama ya ndege waliouawa kwa sumu huuzwa, watu wakala. Hicho ni chambo kibaya kuliko chochote walichokifikiria Wamarekani, na kinashamiri chini ya sheria inayokataza kila kitu. Mbele ya sheria hiyohiyo, mzee anayetundika juu ya mti tundu lenye isindu, yaani kware hai, ili aite kware wenzake wawili watatu wa mboga naye ni mhalifu.

Wapo wanaotaka mzee huyo aachiwe kwa kibali. Nawaelewa, ila ndege akishanyonyolewa, nani sokoni atajua alikufa kwa mtego au kwa sumu? Ukifungua mlango huo, mwenye Furadan atapita humohumo. Kwa hiyo marufuku ibaki. Kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa kazi: doria na mashtaka yaanzie kwa mwenye sumu na anayemuuzia, na kesi za matundu zije baadaye, kama nafasi itapatikana.