Uzi mwekundu kwenye kikombe

Tarehe 25 Juni 2020 serikali yetu ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri imekwisha. Zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa. Kabla ya kutangaza, zilihesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya: 21 za kirusi kujificha mwilini kabla mtu hajaugua, mara mbili.

Siku hiyo, hapa Goma, mkubwa wangu, kaka yangu tuliyefuatana kuzaliwa, alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe chake. Chake kweli: alikuwa amekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili watoto wasikiguse. Ni daktari. Kila akitoka kazini alivua viatu nje, juu ya mawe ya volkano, akanawa maji ya javeli, dawa ya kuua vijidudu, mpaka vidole vikachubuka, ndipo akaingia. Watoto walizoea kumpungia mkono kwa mbali. Mtaani wakasema anakula pesa za Ebola. Na Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, alipouawa kwa risasi hospitalini Butembo, mkubwa wangu alisogeza kitanda chake mbali na dirisha. Hakusema neno.

Basi Ebola imekwisha. Nani alimhesabia yeye siku zake? COVID-19 ilikuwa imeingia nchini tangu Machi. Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ikalipuka. Ikaja kipindupindu cha kambini, ikaja mpox, ikaja vita ya Januari 2025.

Mnaosema “nyinyi madaktari mmezoea”, hapo ndipo tunapogombana. Aliwahi kuniambia kwamba usiku mmoja wa zamu alisoma jina la mgonjwa kwenye fishi, karatasi yake ya hospitali, mara nne, na bado hakujua amesoma nini. Huko si kuzoea.

Najua mtaniuliza: akipumzika, wodini atabaki nani? Swali la haki, madaktari ni wachache. Lakini yule wa fishi, usiku ule, alikuwa wodini au alikuwepo tu?

Na usimwambie aende mwenyewe kwa mwanasaikolojia. Hapa kwetu ukionekana mlangoni pake, kesho kartie nzima inajua umeharibika kichwa. Ndiyo maana nasema iwe kama ile ndoo ya kunawia. Wakati wa Ebola tulinawa wote, mkubwa na mdogo, mwenye gari na mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na hakuna aliyeulizwa ana nini mikononi. Ugonjwa ukiisha, kila aliyefanya kazi wodini, kuanzia daktari mkuu mpaka anayefua mashuka, akae na mwanasaikolojia, apewe siku zake za kupumzika, na mshahara usikatwe. Iandikwe kwenye ratiba ya zamu, isiwe hisani ya mtu.

Kikombe bado kipo. Juzi kitinda mimba wake, aliyezaliwa 2022, alikichukua anywee maziwa. Mama yake akanyoosha mkono kumnyang’anya.

“Mwache,” akasema mkubwa wangu.

Kisha akatoka nje kunawa mikono.