Mdogo wangu yuko Sumbawanga, darasa liko Dar es Salaam

Kila Jumapili usiku mimi na mdogo wangu hupigiana simu ya video. Mimi niko Reading, mji ulio magharibi ya London. Yeye yuko Sumbawanga. Kwake saa zimesogea mbele, hivyo ninapoketi baada ya chakula yeye ameshalaza watoto na amejifunika kitenge mabegani kwa sababu ya baridi ya Ufipa. Kwa miezi mingi sasa mazungumzo yetu yanarudi palepale: aende Dar kusoma Law School, au aiache ndoto ya uwakili?

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari. Shahada ya sheria aliipata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, akisoma usiku na wakati wa likizo, mitihani akiifanyia kituo cha mkoa hukohuko Rukwa. Hakuacha kazi wala watoto. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili watu kama yeye wasome bila kuhama, na kwake kilitimiza ahadi hiyo. Tatizo lilianza baada ya joho. Ili uwe wakili lazima upitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Jengo lake liko Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000.

Piga hesabu mwenyewe. Ada, chumba cha kupanga Sinza au Ubungo, nauli, chakula, na mshahara wa mwalimu anayeomba ruhusa asijue kama atapewa. Watoto wawili wanabaki na bibi yao, na mama yetu sasa ana miaka 71.

Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nimepita njia nyingine, ya masafa, yaani kusomea uwakili nyumbani bila kuhamia darasani, na nimeona kwamba inapitika.

Nilikuja Uingereza na shahada yangu ya sheria ya nyumbani, nikafanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka mingi, zamu za usiku. Zamani mtu wa aina yangu, ili awe wakili huku, alitakiwa kwanza asome kozi ya kubadilisha shahada, halafu kozi ya vitendo, halafu atafute ofisi itakayompokea miaka 2. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashinda wengi, maana nafasi zilikuwa chache na ofisi zilichagua zinaowajua. Septemba 2021 utaratibu mpya ulianza: mtihani mmoja kwa wote, unaoitwa SQE, na shahada yoyote inatosha. Ile miaka 2 ya kazi bado ipo, ila unaweza kuigawa katika ofisi au taasisi hadi 4, na hata kliniki ya msaada wa kisheria inahesabika. Kozi ya maandalizi si lazima, lakini asiye na mtu wa kumwelekeza anaihitaji. Mimi nilichukua ya masafa, kwa sababu sikuwa na uwezo wa kuacha kazi.

Nilikuwa na wasiwasi. Nilijiuliza, mtu atajifunzaje kuhoji shahidi kupitia kompyuta? Juma la tatu tulipewa zoezi la kumpokea mteja. Upande wa pili wa skrini aliketi mtu aliyefundishwa kuigiza mjane anayetaka kujua haki yake katika nyumba ya marehemu mumewe. Nilidhani nimefanya vizuri. Mwalimu akairudisha ile video ikiwa na maelezo yake pembeni, dakika kwa dakika. Katika dakika 10 za mwanzo nilikuwa nimemkatiza mteja mara 11. Mara 11! Na pale mjane aliposema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtoto mwingine wa nje, nilikuwa nimeinama naandika anwani. Nilipoiangalia tena peke yangu, saa 9 usiku, nilielewa kitu ambacho miaka 4 ya mihadhara haikunipa.

Hiyo ndiyo faida ya masafa ambayo watu hawaisemi. Ukiwa darasani na wenzako mia, zamu yako ya kusimama mbele inaweza kufika mara moja au mbili, nayo ikipita imepita. Ukijirekodi, mwalimu anakusikia wewe, na wewe unajisikia. Kuandika hati ya madai, hati ya kiapo, mkataba wa pango au barua kwa mteja, hizo zote ni kazi za mezani. Unatuma, unasahihishiwa, unaandika tena. Sijaona sababu ya mtu kusafiri siku nzima au zaidi kwa basi ili afanye kazi ya mezani.

Lakini si kila kitu. Nilipoanza kujitolea Jumamosi kwenye kliniki ya msaada wa kisheria, wateja wengi wakiwa wapangaji wanaotolewa kwenye nyumba, niligundua mambo ambayo hakuna video iliyonifundisha: jinsi ya kuongea na karani wa mahakama, jinsi ya kusubiri kwenye korido na mteja anayetetemeka, jinsi ya kumwambia mtu ukweli mchungu bila kumvunja moyo. Nao Waingereza wenyewe wanalijua hilo. Sehemu ya pili ya SQE ina kazi 16. Kati yake 12 ni za kuandika na 4 ni za kusimama na kuzungumza, na hizo 4 huzifanyii sebuleni kwako. Unakwenda kwenye kituo, unamkuta mtu ameketi kama jaji, unatetea hoja yako.

Na sitaki mtu anisome akadhani nasema tuige kila kitu cha huku. Ada ya mtihani huu ilianza pauni 3,980. Kuanzia Septemba 2024 ikawa pauni 4,790. Hiyo ni ya mtihani pekee, kozi ni mbali. Sehemu ya kwanza ni maswali 360 ya kuchagua jibu, na mkupuo wa kwanza kabisa, Novemba 2021, waliofaulu walikuwa asilimia 53. Ukifeli unalipa tena. Nimewaona wenzangu, Waafrika wengi wakiwamo, wakikopa kwa riba ili warudie. Mfumo unaompima mtu kwa bei hiyo bila kuhakikisha kwanza kwamba amefundishwa, mimi siutakii nchi yangu.

Nyumbani tuna jeraha letu. Mwaka 2022 matokeo ya Law School yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342. Waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mitandaoni kila mtu alikuwa na wa kumlaumu: vyuo vikuu, taasisi, wanafunzi wenyewe, Kiingereza.

Mdogo wangu ananikumbusha matokeo hayo kila ninapomshawishi. “Dada, kama waliokuwa wanamwona mwalimu kwa macho walianguka hivyo, mimi wa kwenye simu nitapona?” Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kuwa chumba kimoja na mwalimu si sawa na kufundishwa vitendo. Kitendo kinajengwa kwa kurudia na kusahihishwa, na mtu anayeumiza kichwa atalipaje kodi ya chumba mwezi ujao hana nguvu ya kurudia. Mdogo wangu akiwa kwake, ana kazi yake, ana mama wa kumshikia watoto, ana kitanda chake. Mpe mwalimu mmoja anayemsahihisha kwa dhati kila wiki, halafu ndipo tumlinganishe na wa darasani.

Tena kazi yenyewe ya uwakili nchini imeshahama. Mashauri yanafunguliwa kwa mtandao. Mahakama zinasikiliza watu kwa video, mahabusu akiwa gerezani na jaji akiwa kwingine. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Wakili wa leo lazima ajue kumhoji mtu kupitia skrini, kwa Kiswahili sanifu na chenye makali. Kwa nini basi mafunzo yake yasitumie skrini hiyohiyo?

Ninachopendekeza ni hiki. Nadharia na uandishi viende kwa masafa. Kuzungumza mbele ya mahakama kufanyike ana kwa ana, wiki chache kwa mwaka, lakini karibu na mwanafunzi. Majengo tunayo. Tuna Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, yaani majengo yenye mahakama za ngazi mbalimbali pamoja, Mwanza, Arusha, Dodoma na Morogoro, na tuna kanda za Mahakama Kuu, ikiwamo ya Sumbawanga. Kuna majaji, waendesha mashtaka na mawakili wa kujitegemea wa kumlea mtu. Mtihani wa mwisho ubaki mmoja kwa nchi nzima, mgumu vilevile, usimamiwe palepale kanda. Majirani zetu Uganda wameshaanza kusogeza kwa njia yao: kituo chao cha kufundisha mawakili cha Kampala, LDC, kina matawi Mbarara na Lira.

Najua habari ya umeme na bando. Rekodi za sauti hazili bando kama video, na zoezi la kuandika linatumwa hata kwa simu ndogo. Hilo si la kutuzuia.

Linaloniuma zaidi ni mahali mawakili walipo. Wamejazana Dar. Mtu wa kijijini Rukwa mwenye mgogoro wa shamba anaingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya peke yake, na upande wa pili una wakili aliyetoka mjini. Tunawachukua vijana wa mikoani tunawapeleka Dar mwaka mzima, wanapata marafiki, wanapata ofisi, wanapata wachumba, wangapi wanarudi? Mdogo wangu hataki kuondoka Sumbawanga hata akiwa wakili. Anataka kesi za mirathi za wajane, maana tuliona mama alivyohangaika baba alipofariki.

Kwa sasa tunafanya la kwetu. Likizo hii alikwenda kuketi kwenye benchi la nyuma Mahakama Kuu, kesi ya mauaji, shahidi wa pili wa Jamhuri. Aliandika maswali yote ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, kwenye daftari la shule, akanitumia picha. Jumapili nikawa shahidi, yeye akawa wakili wa utetezi.

Alianza na swali zuri: “Shahidi, taa ilikuwa upande gani?” Nikajibu. Akataka kunirukia na swali la pili kabla sijamaliza. Akajishika mwenyewe, akanyamaza, akaniacha niendelee kuongea, na mimi nikasema jambo ambalo shahidi yule hakupaswa kulisema. Upande wa pili wa simu nilimwona anaandika.

“Dada,” akasema, “tuanze tena kutoka mwanzo.”