Mwanafunzi wa hisabati, anzia kwa mkutubi

Nimechoka kusikia kwamba huku Dodoma hatuwezi kufanya utafiti wa maana wa hisabati kwa sababu hatuna majarida. Uhaba upo, siukatai. Majarida mengi makubwa yanauzwa kwa bei ambayo chuo chetu hakiimudu. Lakini sehemu kubwa ya kinachoitwa uhaba ni kutofundishwa kutafuta. Tunakaa na mwanafunzi wa uzamili muhula mzima tukimfundisha kuthibitisha uthabiti wa mfumo wa milinganyo, halafu ikifika zamu ya mapitio ya maandiko tunamwambia "katafute", basi. Anaenda Google, anarudi na chochote kilichokuja juu.

Hisabati haitafutwi kama tiba. Daktari anayetaka kujua dawa bora ya malaria anatafuta utafiti wa juzi, na ule wa miaka thelathini iliyopita pengine hauna kazi tena kwake. Kwetu sisi kilichothibitishwa hakichakai. Kermack na McKendrick walichapisha modeli yao ya magonjwa ya mlipuko mwaka 1927, na hadi leo tasnifu nyingi ninazozipitia zinaanza na makundi yao yaleyale: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, waliopona. Kwa siku moja unaweza kuhitaji makala hiyo na nyingine iliyotoka mwezi huu, na zote mbili zikawa hai. Kwa hiyo unahitaji faharasa, yaani orodha ya makala iliyopangwa kwa mada na waandishi, iliyojengwa na watu wanaojua hivyo.

Faharasa hizo zipo, na moja ni ya bure kabisa. zbMATH Open, inayoendeshwa na taasisi ya FIZ Karlsruhe ya Ujerumani, ilifunguliwa kwa kila mtu mwaka 2021. Ina kumbukumbu zaidi ya milioni 4, na kwa kuunganishwa na faharasa ya zamani ya Wajerumani inarudi nyuma hadi 1868. Huhitaji neno la siri wala kuwa ndani ya chuo. Nikiwauliza wanafunzi wangu wapya kama wanaijua, wananitazama tu. Hilo linaniuma, kwa sababu kosa si lao.

Kuna kijana mmoja wa Kongwa alikuja kwangu akitaka kuunda modeli ya homa ya Bonde la Ufa. Sababu alikuwa nayo: mwanzoni mwa 2007, baada ya mvua kubwa, ugonjwa huo uliupiga mkoa wa Dodoma vibaya, mifugo ikatupa mimba, watu wakafa, na nyumbani kwao bado wanausimulia. Alikuwa na makala tele za watu wa mifugo na za madaktari. Upande wa hisabati akaniambia, "Mwalimu, huku hakuna aliyegusa." Nikashuka naye maktaba.

Mkutubi wetu ni mama wa makamo ambaye hajasoma hisabati, na hilo halijawahi kumzuia. Alimsikiliza, akamvutia kiti, akamwambia, "Mwanangu, usianzie Google. Anzia wanapoanzia wenyewe." Akafungua zbMATH, akaandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Haukupita muda, makala ya Gaff, Hartley na Leahy ikawa mbele yetu: modeli ya homa ileile, yenye aina mbili za mbu na mifugo, iliyotoka 2007, mwaka uleule ng'ombe walipokuwa wanakufa huku kwetu. Na imechapishwa katika Electronic Journal of Differential Equations, jarida la mtandaoni lililoanza 1993 na ambalo halimtozi msomaji hata senti. Makala ilikuwa wazi muda wote. Kijana alikuwa anagonga mlango mwingine.

Kisha mama akamwonyesha kitu ambacho natamani kila mwanafunzi wa hisabati akione mapema. Kila kazi kwenye faharasa hizi hupewa namba za mada, kwa mpango unaoitwa MSC (Mathematics Subject Classification), ambao toleo lake la sasa ni la 2020 na una mafungu makuu 63. Fungu la 92 ni la biolojia, na ndani yake 92D30 ni elimu ya magonjwa ya mlipuko. 34 ni milinganyo tofautishi ya kawaida, na 34D20 ni uthabiti wa majibu yake. Ukiandika cc:92D30 kwenye kisanduku cha kutafutia unapata kazi za fungu hilo hata kama waandishi wametumia majina usiyoyafikiria. Ukiiunganisha na namba ya uthabiti, orodha inapungua hadi kufikia kiasi ambacho mtu anaweza kukisoma. Mlinganyo huwezi kuuandika Google ukaeleweka, na kitu kimoja katika hisabati kinaweza kuwa na majina matatu kwa watu watatu. Namba ya mada inakuvusha hapo.

Hata majina ya watu ni mtego. Karibu kila mwanafunzi anayethibitisha uthabiti hutumia mbinu ya Lyapunov, mwanahisabati wa Urusi, lakini ukitafuta kwa tahajia hiyo tu, mengi yatakupita. Kuna Liapunov, kuna Ljapunov, na Wafaransa waliandika Liapounoff. Kazi yake kubwa ya Kirusi ya 1892 ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1907 katika jarida la Toulouse, na leo iko Numdam, maktaba ya kidijitali ya hisabati ya Wafaransa, bure. Faharasa za hisabati zinakusanya tahajia hizo zote chini ya mtu mmoja. Ni kazi ya subira iliyofanywa na wakutubi na wanahisabati kwa miaka mingi, na nadhani hatuiheshimu vya kutosha.

Faharasa ya pili, MathSciNet ya Chama cha Hisabati cha Marekani, ni ya kulipia. Zote mbili zina mzizi mmoja: Otto Neugebauer aliianzisha ile ya Ujerumani mwaka 1931, akaiacha 1938 baada ya Levi-Civita, mwanahisabati wa Italia aliyekuwa Myahudi, kuondolewa kwenye bodi ya wahariri, na Mathematical Reviews, ambayo leo ndiyo MathSciNet, ikaanza Marekani 1940. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hii wajue kwamba kuna mtu aliyekataa kukubali dhuluma hata kwenye orodha ya makala.

Ubora mwingine wa faharasa hizi ni uhakiki. Kwa makala nyingi utakuta mwanahisabati mwingine ameisoma na kuandika aya moja au mbili: nini kimethibitishwa, kwa njia gani, kinahusianaje na kazi za awali. Kama makala yenyewe imefungwa, aya hiyo inakuambia kama inafaa kuhangaikiwa au la. Halafu unatazama nani ameirejea. Ukishaipata ile ya van den Driessche na Watmough ya 2002 kuhusu namba ya msingi ya maambukizi (wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza), usiishie kuirejea kwa sababu kila mtu anairejea. Fuata walioitumia, utaona watu walivyoirekebisha kwa magonjwa ya mbu.

Na zile zilizofungwa? Hapo ndipo maktaba inakuwa ya lazima. Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, hutoa majarida bure au kwa bei ndogo kwa taasisi za nchi kama yetu. Unaitambua taasisi, haumtambui mtu mmojammoja, kwa hiyo njia ya kuingia anayo mkutubi. Mwanafunzi anayepakua faili za wizi usiku kwa bando lake pengine analipia kitu ambacho chuo chake tayari kinacho. Ikikosekana huko pia, arXiv, hazina ya bure ya mtandaoni, ina nakala za waandishi tangu 1991. Mrusi Perelman, aliyetegua fumbo maarufu la hisabati liitwalo dhana ya Poincaré, aliiweka kazi yake huko mwaka 2002 na 2003, na hakuipeleka jarida lolote.

Ninachokitaka idarani kwetu ni kidogo. Wiki ya pili ya uzamili, kabla mtu hajachagua mada, mkutubi apewe vipindi viwili darasani, na mwalimu wa hisabati akae naye, kwa sababu mmoja anajua milango na mwingine anajua kilichomo. Visihesabiwe kama semina ya hiari. Kazi ya vipindi hivyo isahihishwe na iingie kwenye alama.

Na tuanze kuzipa kazi zetu wenyewe namba hizo. Tasnifu zetu zinawekwa kwenye hazina ya chuo zikiwa na kichwa na jina la mwandishi tu. Anayefanya utafiti kama huo Morogoro au Kampala hawezi kuziona. Yule kijana wa Kongwa ameandika 92D30 na 34D20 chini ya ikisiri yake, na nimeomba kamati ya shahada za juu ilifanye hilo kuwa sharti kwa kila tasnifu ya hisabati kuanzia mwaka ujao wa masomo.