Fumbo la vina si la kufumbua peke yako

Jamani mimi nina maoni yangu kuhusu mafumbo na leo nayatoa yote. Fumbo la vina, lile la kizamani la mistari miwili mitatu ambalo neno limefichwa ndani, si la kukaa nalo peke yako chumbani na simu mkononi. Ni la barazani, la watu watano wenye Kiswahili tofauti tofauti wanaobishana mpaka chai inapoa.

Sisi tuko Busia, upande wa Uganda, na Ijumaa jioni watu wanakuja kwangu. Kuna mzee wetu aliyestaafu jeshi, Kiswahili chake alikipata kambini na hata akikuomba sukari unasikia kama amri. Kuna mwalimu wa praimari, kuna mama wa chapati aliyeishi Mombasa miaka tisa kabla ya kuolewa huku, kuna fundi cherehani Mkongo wa kutoka Beni, na kijana wa boda, Muganda wa Masaka, ambaye Kiswahili amekiokota stendi akibeba abiria wa mpakani. Mimi nafanya kliaringi, mchana kutwa nashinda na makaratasi ya malori, kwa hiyo ikifika Ijumaa kichwa kinataka kitu kisichokuwa na stempu.

Mwanzoni tulikuwa tunategana vitendawili vya kawaida tu. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai! Kijana wa boda akasema hata kwao Buganda hicho kipo, wao wanaanza na koyi koyi na wewe unaitika lya, na nyumba ni hiyo hiyo isiyo na mlango na jibu ni lile lile. Ikawa tamu wiki mbili hivi halafu ikaisha, na nilikuja kuelewa kwa nini baadaye sana: vitendawili vile hatuvifumbui, tunavikumbuka. Bibi alishakupa jibu ukiwa na miaka sita, wewe unarudisha tu. Navipenda, sisemi vibaya, lakini hakuna kutafuta pale.

Aliyetubadilisha ni mwalimu. Alikuja siku moja na habari za Marekani, kwamba kuna chama kinaitwa National Puzzlers' League, kipo tangu 1883, wanachama wanaitana kwa majina ya kubuni na wanatungiana mafumbo ya mashairi mpaka leo, wana jarida lao na kila mwaka wanakutana sehemu moja wayafumbue pamoja. Na kazi yao ina aina zake: kuna neno la kukatwa kichwa, yaani unatoa herufi ya mwanzo linabaki neno jingine, kuna la kukatwa mkia, kuna la kugeuzwa, kuna la kuunganisha maneno mawili likatoka la tatu. Wakati mwingine hata hawakwambii neno, wanaacha pengo kwenye shairi, wewe ulijaze.

Hapo kwenye pengo ndipo mimi niliruka kwenye kiti, maana nikafikiria, sisi tuna mizani, ile hesabu ya silabi! Shairi letu lina mizani nane kila kipande, sasa ukihesabu zilizopo ukapata sita, unajua neno lililofichwa lina silabi mbili, halafu unatazama kina, kama wenzake wanaishia na -ta basi na lenyewe linaishia na -ta, tayari nusu ya neno unayo kabla hujajua hata linahusu nini. Shairi la Kiswahili ni kama limeumbwa kwa mchezo huu. Na mtu asiniambie tumeiga Wazungu, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840, mashairi yake yamejaa mafumbo na maneno ya maana mbili, na hao watoto wa pwani wana kinyume chao cha kugeuza silabi wakitaka wakubwa wasielewe. Vitu vilikuwepo, sisi ndio tulikuwa tumekaa.

Basi mama wa chapati, kwa sababu ya hicho kinyume alichokisikia kwa watoto wa majirani zake Mombasa, ndiye alikuwa wa kwanza kutega la kwake:

Kinywani ninajazana, chakula kikinukia,
Nigeuze langu jina, chini nitaangukia.

Nakwambia lile fumbo lilikaa kibarazani karibu saa nzima. Mzee akasema meno, tukageuza, nome, si kitu. Ulimi, miuli, hakuna. Fundi akasema ulimi hauwezi kujazana, mtu ana mmoja, na hilo peke yake likatusogeza. Mwalimu akasema tazameni mstari wa pili, chini nitaangukia, kwa hiyo neno likigeuzwa ni kitendo cha kutoa kitu mdomoni, na kijana wa boda, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa ametema mate pembeni ya ngazi kwa sababu ya vumbi la barabarani, akasimama na kupiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Mate! Tema! Silabi zile zile mbili. Mimi nimesema Kiswahili maisha yangu yote na sijawahi kuona kwamba mate na tema ni neno moja linalotembea kwa kurudi nyuma.

Sasa mwalimu, na hili ndilo nataka mlisikie vizuri, akaleta lake wiki iliyofuata:

Shuleni tunawakuta, wameshikilia chaki,
Mkia ukiukata, sahanini hawabaki.

Walimu, hilo kila mtu aliliona mara moja. Lakini ukimkata mwalimu mkia inabaki nini cha kuliwa? Tulikwama, na tulikwama vibaya, kwa sababu huku kwetu kile chakula cheupe kikiwa gunia ni mchele, kikiwa sufuria ni mchele, na kikifika sahani bado ni mchele. Muganda kwao ni omuceere, Mkongo kwake ni muchele, mzee kambini walikula mchele, mimi nimezaliwa nikila mchele. Tukakata herufi moja, walim, tukaona ujinga. Mama wa chapati alikuwa jikoni anageuza za mwisho, akauliza kutoka huko huko mnatafuta nini, tukamsomea, hakumaliza hata kusikiliza, akasema ni wali, Mombasa ukisema unakula mchele watakuuliza mbona hukupika.

Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Ukimtoa mwalimu aliyetega, jibu lilikuwa kwenye sikio la mtu mmoja kati ya watano. Tungekaa wanne tusingelipata, na si kwamba wanne wale ni wajinga, ila kila mtu Kiswahili chake kimepita barabara yake. Yule mama huwa anachekwa sana hapa mtaani eti anaringa na Kiswahili cha pwani, siku ile hakuna aliyecheka.

Na ugomvi haukuisha hapo. Mzee akasema fumbo ni la udanganyifu, wali haubaki, si hawabaki, hiyo ngeli imepinda. Mwalimu akajibu, sasa mzee wangu shikamoo yako, nikisema haubaki si nimeshakupa jibu mkononi? Aliwasema walimu, shairi linawafuata walimu mpaka mwisho, msikilizaji ndiye anatakiwa ashtuke. Mzee akasema mtegaji ana ruhusa ya kuficha lakini hana ruhusa ya kukosea. Mimi niko na mwalimu kwenye hili, fumbo likiwa nyoofu kabisa linakuwa tangazo, lakini naelewa mzee anachokilinda, maana ukiruhusu kila kitu kipindwe basi mtu anaweza kutega chochote na hakuna atakayejua alishindwa kwa haki au la. Tumelibishania hilo Ijumaa tatu na nafikiri tutaendelea.

Kuhusu simu sasa. Kuna siku mgeni mmoja alikuja, mtu mzuri tu, tukategewa fumbo, yeye akaliandika kwenye simu yake na baada ya sekunde kumi akasoma jibu kwa sauti. Lilikuwa sahihi. Banange, baraza lilipoa. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyebisha, mzee akachukua kofia yake akasema kesho ana safari na sote tulijua hana. Nililala vibaya usiku ule kwa sababu sikujua kumweleza mgeni kosa lake ni nini, jibu si lilikuwa linatafutwa na yeye amelileta? Leo ningemwambia hivi: tulichokuwa tunakitaka ni ile saa nzima ya meno na nome na ulimi, na kijana kutema mate, na mama kujibu kutoka jikoni. Neno lenyewe mate tunalo wote bure. Tangu hapo simu zinaingia kwenye kapu la chapati mtu akifika, na ukishindwa, unafanya kama wazee walivyofanya, unatoa mji. Nipe mji! Chukua Kampala. Kampala sitaki, foleni, nipe Jinja yenye maji. Anakula mji wako, anakupa jibu, na unajua umeshindwa na mtu anayekutazama usoni.

Na tumekubaliana hakuna lazima ya kumaliza siku hiyo hiyo. La mzee, ambaye hatimaye na yeye alitunga baada ya miezi ya kukosoa wenzake, lilikaa wiki nzima:

Nimo kikombeni mwako, asubuhi nachemka,
Nikate kichwa mwenzako, kaburini sitafika.

Wiki nzima, na flaski ipo mbele yetu! Kijana wa boda ndiye alilipata, saa kumi na mbili asubuhi stendi, baridi, ana kikombe mkononi anasubiri abiria wa basi la Kampala. Chai. Kata kichwa, hai. Na hakupiga simu. Alikaa na jibu lake siku nne mpaka Ijumaa, akaja akajimiminia, akainua kikombe mbele ya mzee na kusema, afande, huyu bado anapumua. Mzee alimpa mkono akasimama mguu sawa kama yuko gwaride.

Serikali Julai 2022 iliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, na mimi nimefurahi, ila naona watoto wa mtaani kwetu wanarudi na daftari la ngeli tupu, wanazikariri kama namba za simu. Wangepewa huyo mwalimu wa kukatwa mkia mara moja kwa wiki, darasa ligawanywe makundi, wagombane juu ya haubaki na hawabaki, ngeli wangezijua kwa sababu wanazihitaji kumshinda mwenzao. Mwalimu wetu ameanza kufanya hivyo darasani kwake, anasema kelele ni nyingi na mwalimu wa darasa la pili huja kulalamika.

Ijumaa hii fundi ndiye anatega, mara yake ya kwanza, na ameshatuonya kuna neno moja la Beni humo ndani. Flaski nimeosha, na mama amesema ataleta chapati kumi na mbili.