Katalogi haina pointi

Fomu yangu ya kuomba kupanda cheo chuo kikuu ilirudi wiki iliyopita ikiwa na mstari mwekundu. Umekatiza kazi moja tu: katalogi, yaani orodha, ya kaseti 43 za fasihi simulizi nilizorekodi Kilwa na vijiji vya jirani, pamoja na maelezo ya kila ughani. Pembeni mtu ameandika, "Si andiko la kitaaluma." Yaani haina pointi za cheo.

Majarida siyapingi. Nimeyaandikia, na mengine yamenilea. Ninachokataa ni kwamba mwalimu wa insia, yaani lugha, fasihi, historia na kadhalika, apimwe kwa makala peke yake, kana kwamba hizo makala zinaota hewani.

Chukua mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen. Alikusanya miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, akarekodi na sauti, vikahifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam. Mwaka 1970 ikatoka katalogi yake. Ni kitabu kikavu, usikisome kitandani. Nadharia humo hutaipata. Ila mimi tenzi za kale nilianza kuzitafuta humo, na wanafunzi wangu nao nawaelekeza humo humo. Au ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981: jaladani pana jina la taasisi, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), si la mtu. Waliokaa miaka wakibishana maana ya neno moja moja wangejaza nini kwenye fomu yangu?

Tena kaseti zangu hizo ndizo zinazonifundishia. Muhula uliopita niligawa nakala za utenzi mmoja nilioandika kutoka kwenye kanda, tukahesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, kwa vidole. Nane, nane, nane. Tukafika kipande kinachosema "nikamuambia mwanangu", vidole vikawa tisa. Darasa likamgeukia bibi mghani: kakosea, uzee huo. Nami, nakiri, nilikuwa tayari kukubaliana nao. Binti mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuwa kimya tangu muhula uanze, akasema, "Mwalimu, tumsikilize mwenyewe kwanza."

Tukarudisha kanda. Jogoo anawika, bibi anamkaripia mtoto anayechezea maji, kisha anaendelea kughani kama hakuna lililotokea. "Nikamwambia mwanangu." Mizani nane, bila chenga. Ile "mu" niliiweka mimi, usiku, nikiwa na kalamu na usingizi. Bibi wa watu alikuwa amesingiziwa kwenye karatasi zangu miaka yote hiyo.

Saa ile moja ilikuwa utafiti na ufundishaji kwa pamoja, na haina kisanduku chake kwenye fomu. Kisanduku cha ufundishaji kinauliza idadi ya kozi na wanafunzi tu. Ukisahihisha vitabu vya mtihani 240 kwa kuvisoma, au kwa kuvipitia macho juu juu, unapata namba ileile.

Mwenzangu wa ofisi ya pili ananishauri nikiandikie makala kile kipande cha mizani tisa, nikitumbukize nadharia mbili tatu, nikipeleke jaridani. Nitaiandika, maana cheo nakitaka, na ada za watoto hazilipwi kwa kaseti. Zenyewe zimo kabatini mwangu ndani ya boksi la karatasi za fotokopi. Masika yakianza nalihamishia juu ya meza, kwa sababu paa linavuja upande ule.