Kitalu cha mninga au visiki vya msituni?

Kikundi chetu cha wapenzi wa mimea ya asili hapa Tabora kimegawanyika. Wenzetu wanataka fedha yote ya msimu huu iende kwenye kitalu: viriba, samadi, mbegu za mninga. Sisi wengine tunataka ilinde visiki vya miti ya asili vichipue tena kwenye mashamba ya tumbaku yaliyoachwa huko Sikonge.

Hoja ya kitalu ina uzito. Palipong'olewa visiki kwa trekta hakuna cha kuchipua, usipopanda, hupati. Tena mtoto aliyeshika lile tunda la mninga, duara lenye miiba katikati na ubawa kulizunguka, hausahau mti huo.

Ila mninga una tabia inayowavunja moyo wapandaji. Mche huota, kiangazi kikifika shina hukauka lote. Mvua zikirudi huchipua, kisha hukauka tena. Hupita miaka kadhaa hivyo, mzizi ukinenepa chini, ndipo shina lipande. Mwaka jana nilifukua mmoja tuliodhani umekufa: juu kijiti kikavu kama njiti ya kiberiti, chini mzizi mnene kama muhogo mchanga. Wenzake tulikuwa tumeshawang'oa na kuwatupa. Iliniuma sana.

Mtundu, mti mwingine wa msitu wa miombo, nao mizizi yake hutegemea kuvu, na baadhi ya kuvu hao ndio hutupatia uyoga tunaonunua barabarani masika. Kitaluni usipochanganya udongo wa chini ya mti mama, mche huweza kudumaa. Kisiki kina mizizi na kuvu wake tayari. Kinachohitaji ni kuepushwa na moto na jembe. Shinyanga, Wasukuma walitunza ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa, kwa njia hiyo, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ukajengwa juu ya desturi hiyo.

Wanaotupinga wanauliza swali gumu: mkulima atakaushia tumbaku kuni zipi? Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, halisubiri mtundu ukue. Hapo nakubali, hata kama inaniwia vigumu, kwamba kikundi cha miti ya asili kioteshe mikaratusi, ipandwe shambani kwa mkulima mwenyewe, mbali na mto, ikatwe kwa ajili ya bani lake tu.

Shida ya visiki ni kwamba havina siku ya uzinduzi wala picha ya mgeni rasmi, kwa hiyo havipati bajeti. Barabara za moto, yaani njia za kuzuia moto usienee, lazima zifyekwe majani yakianza kukauka. Kikao kijacho nitaomba fedha hiyo itengwe kwanza, ndipo tujadili viriba.