Kopo la Thamostati

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu akiwa Kitonga. Toyota IST yake imechemsha katikati ya mlima, malori yanampita kwa kujikongoja, wanawe wamekaa pembeni kwenye kivuli. Alisubiri injini ipoe, akajaza maji ya chupa, akapanda taratibu hadi Iringa. Asubuhi yake gereji ya kwanza aliyoikuta ilimaliza kazi kwa dakika ishirini: waling'oa thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto la injini, wakajaza maji ya bomba, wakachukua elfu thelathini. "Kaka, hii nchi ya joto. Thamostati ya nini?"

Sentensi hiyo naisikia tangu nianze kumiliki gari, na kila nikiisikia moyo unaniuma, kwa sababu anayeisema huwa ana nia njema na anayeamini ndiye anayenunua injini.

Tuanze na hilo joto. Dar mwezi Februari tunalia na nyuzi 32 au 33. Thamostati ya gari kama IST huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kwa injini ile, Februari yetu ni baridi kali! Hakuna mji duniani wenye hewa ya kuipasha moto injini hadi pale inapotakiwa kufanyia kazi. Ndani ya kile kidude kuna nta. Ikipata joto inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa. Yakipoa kupita kiasi, mlango unajifunga. Nta haijui kama iko Osaka au Mbagala.

Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote na injini haifiki joto lake. Kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inateremka na kuchanganyika na oili, na unyevu ambao ungekauka kwa joto unabaki humo humo. Halafu mtu anakuja kulalamika kwamba IST siku hizi zinakunywa mafuta. Hazinywi. Umeinyima joto.

Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui kabisa. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka upande wa rejeta, sahani yake ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi bila kuiona rejeta, hivyo mlimani injini inapoa kwa shida. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Toyota vya injini kama 4A-FE na 5S-FE vinakataza kuitoa hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Waliotengeneza injini wameandika hivyo. Sisi tunatoa.

Nakubali, thamostati iliyokwama ikiwa imefunga inaua injini. Ukikwamia Mikumi usiku na familia, ing'oe ufike. Kesho nunua nyingine.

Mdogo wangu nilimsihi airudie ile yake kwa fundi, aje nayo. Siku ya kurudi, akiteremka Kitonga, taa ya bluu kwenye dashibodi ikawaka. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Yeye alikuwa ameshaendesha zaidi ya nusu saa, jua la saa tano, na injini inamwambia imepoa kama ndiyo kwanza imetoka kulala. Ukienda kununua gari la mkononi, tazama taa hiyo kabla hujatazama rangi.

Jioni alipofika kwangu tuliifunga thamostati kwa uzi, tukaining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni, tukawasha gesi. Maji hayajachemka, ikaanza kufunguka. Ilifunguka yote, sawasawa. Tukazima, ikajifunga. Ilikuwa nzima.

Mgonjwa alikuwa mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa mgumu, umepasuka. Mfuniko mzima unashika presha ya bar 1 hivi, na kwa presha hiyo maji yanavumilia hadi karibu nyuzi 120. Usiposhika, yanachemka kwenye 100, na ukipanda kuelekea Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hata 100 hayafiki. Pale Kitonga maji yalichemka kwa sababu ya kipande cha mpira. Ndani ya rejeta tulikuta tope la kutu, matunda ya miaka ya maji ya bomba. Kulanti inayowekwa kwenye rejeta siyo maji ya rangi, jamani. Ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewa kuchemka. Maji ya kisima cha chumvi yanakula aluminiamu, na injini ya IST ni aluminiamu, hedi na bloku.

 

Mafundi wetu nawaheshimu. Wapo wanaosikia beringi ya wota pampu inayokufa wakiwa wamesimama barabarani. Ila naomba, kabla ya kung'oa, pima presha ya mfuniko, tazama feni kama inawaka, fungua rejeta uone. Na wewe mwenye gari, kidude chako kikitolewa, uliza kina kosa gani.

Tuliirudisha ile ile, na ringi mpya ya mpira, mfuniko mpya, rejeta iliyosafishwa, kulanti. Asubuhi taa ya bluu ilizimika kabla hajatoka mtaani kwetu.

Nilimuuliza aliipataje kwa fundi. Akasema haikuwa kazi. Pale gereji kuna kopo la rangi, lile kubwa la lita ishirini, na yake ilikuwa juu kabisa. Chini yake kopo limejaa.